Vikope na Hesabu ya Ndoo: Maradhi ya Macho katika Nchi Kavu (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza umbo la jicho, na jinsi nuru ipitavyo katika kioo chake hata ikatua nyuma ya mboni. Leo tushuke kutoka vilima hivi vya Chimwaga, tuelekee mashariki mpaka Kongwa, nchi ambayo wazee wetu huikumbuka kwa mashamba ya karanga waliyoyaanzisha Waingereza mwaka 1947, yakafa kabla hayajaota mizizi, ilhali matabibu wa macho wa pande nyingi za dunia huijua kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni maradhi ya vikope, yaitwayo pia trakoma.

Aliyeyapa maradhi haya jina la vikope alilenga shabaha, kwani makao yake si mboni bali ni upande wa ndani wa kikope cha juu. Huko huingia bakteria mdogo asiyeonekana kwa macho, akazusha vipele mithili ya punje za uwele, macho yakawa mekundu na kutoa tongotongo. Mtoto hupona, akaambukizwa tena, akapona, akaambukizwa mara ya kumi na ya ishirini, na hatimaye hubaki makovu. Na makovu hayo, yakishakusanyana kwa miaka mingi, hukikunja kikope kwa ndani hata kope zikageuka mfano wa brashi ya miiba, zikawa zinakisugua kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Basi upofu wa ajuza wa miaka hamsini aghalabu ulianza alipokuwa bado akibebwa mgongoni. Nimewahi kukaa na bibi mmoja, kizingitini pa tembe yake, aliyekuwa na kikoleo kidogo cha chuma amekifunga katika pindo la kanga, naye akanieleza bila huzuni yoyote kwamba hicho ndicho rafiki yake, kwa kuwa kila baada ya siku kadhaa humwita mjukuu amng'oe kope.

Wanawake ndio wapatao msiba huu zaidi kuliko wanaume, wala sababu yake haifichiki: maambukizo yamo katika nyuso za watoto, na mwenye kuwalea, kuwalaza na kuwafuta makamasi ni mama, kwa pindo lile lile la kanga, mtoto huyu kisha yule. Mchukuzi mwingine wa maradhi haya ni nzi, na nzi yule apendaye kutua machoni huzaliana hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Kwa hiyo mwenye kuchimba choo amekwisha kuwa, kwa kiasi chake, tabibu wa macho.

Nakuja sasa kwenye maji, na hapa sina budi kukawia. Mvua yetu hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, kisha huja miezi ya upepo na vumbi, na ndoo moja huwa na thamani ambayo mtu wa pwani hawezi kuikadiria. Ni wepesi basi kusema kwamba vikope ni maradhi ya ukame, tukanyamaza tungoje bomba. Lakini huko Gambia, watafiti walipolinganisha nyumba na nyumba katika kijiji kimoja, waliona kwamba hata zilizopata maji kiasi sawasawa zilitofautiana: zenye ugonjwa zilitumia machache zaidi kuoshea watoto. Na Kongwa kwenyewe, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao Watanzania walichukua vijiji 6, wakavipa vyote mafuta ya tetrasaiklini kwa siku 30, kisha katika nusu yake wakawashawishi wazazi, kwa mikutano na mazungumzo, wawaoshe watoto nyuso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995, na yalionyesha kwamba ugonjwa mkali ulipungua zaidi pale nyuso zilipooshwa. Kwa rai yangu, kinachopungua katika nyumba nyingi si maji ya uso, bali ni idhini ya kuyatumia, maana uso wa mtoto haumo katika hesabu ya ndoo. Ng'ombe wamo, ugali umo, hata pombe ya mtama imo. Kikombe kimoja, kikimiminwa polepole kutoka katika kibuyu chirizi, huwatosha watoto kadhaa.

Haya hayaondoi haja ya dawa. Shirika la Afya Duniani hutaka mambo manne yaende pamoja: upasuaji wa kikope kilichokunjamana, dawa, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Dawa iitwayo azithromaisini hunywewa mara moja kwa mwaka na kijiji kizima, wagonjwa na wazima. Watoto wachanga wa chini ya miezi sita hupakwa mafuta. Upasuaji nao ni wa muda mfupi, na muuguzi aliyefunzwa huweza kuufanya katika zahanati. Oman, ambako ndugu zetu wengi wana nasaba, ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeyashinda maradhi haya, na jirani zetu wa Malawi mwaka 2022.

Yule bibi wa kikoleo nilimwambia habari ya upasuaji, akaniuliza kama utamrudishia pia jicho la kushoto, ambalo mboni yake imekuwa nyeupe kama maziwa. Hilo si vikope. Ni mtoto wa jicho, nalo tutalizungumza juma lijalo, inshallah.

(Itaendelea)