Konde lisiloonekana gazetini

Fungua kurasa za michezo baada ya usiku wowote wa ngumi Dar es Salaam. Utawakuta mabondia wawili wamekaziana macho siku ya kupima uzito, vifua wazi, promota katikati yao. Utamkuta mshindi kainuliwa mkono na refa, mkanda begani, wapambe wamemzonga. Konde lililommaliza mpinzani halipo. Likiwepo, glovu imegeuka doa jekundu na uso wa aliyepigwa umemezwa na giza. Mashabiki wanahitimisha kwamba wapiga picha wetu hawajui kazi. Nadhani wanaonewa, na ushahidi wao unaning'inia darini.

Tufanye hesabu kidogo. Ngumi ya bondia aliyeiva husafiri kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa kwenye 1/125 ya sekunde, ambayo inatosha kabisa kumpiga picha waziri akihutubia, itaiacha glovu isogee sentimita nane kabla pazia halijafunga. Doa letu linatoka hapo. Mpiga picha akipanda hadi 1/1000, glovu inasogea sentimita moja tu, na sasa unaona shavu linavyobonyea na jasho linavyoruka. Lakini kwa kufanya hivyo ameinyima kamera mwanga mara nane, na pengo hilo lazima alizibe. Anaweza kutumia lenzi yenye mdomo mpana, zile za f/2.8, na ile ndefu ikiwa mpya bei yake inaizidi ya bodaboda. Au apandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 au 6400 na kukubali chengachenga kwenye picha. Mara nyingi hulazimika kufanya yote mawili.

Kwa nini asiwashe flashi? Kwanza, katika mapambano mengi flashi ya kwenye kamera imepigwa marufuku, na ni haki: hakuna anayetaka kumulikwa usoni huku mtu anamtafuta kidevu. Pili, flashi inayotoka chini ya ulingo hugonga kamba kabla ya kumfikia bondia. Kamba zinawaka, nyuma yake kuna vivuli viwili.

Waliofanikiwa na flashi waliipandisha juu. Mei 25, 1965, mjini Lewiston, jimbo la Maine nchini Marekani, Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza, ndani ya ukumbi mdogo uliozoea mpira wa magongo wa barafuni. Neil Leifer wa jarida la Sports Illustrated alikuwa na umri wa miaka 22. Taa zake za flashi zilikuwa zimefungwa juu ya ulingo tangu mapema, na filamu yake ilikuwa ya rangi. Taa hizo zilihitaji muda kujichaji baada ya kila mmweko, kwa hiyo hakuweza kufyatua mfululizo. Ali aliposimama juu ya Liston akimfokea ainuke apigane, Leifer alikuwa na nafasi ya picha moja, na ndiyo hiyo inayotundikwa ukutani hadi leo. Itazame vizuri: katikati ya miguu ya Ali anaonekana mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, wa jarida lilelile, mzoefu kuliko Leifer. Yeye aliambulia mgongo wa Ali. Leifer mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba kiti kilimbeba. Jambo la kuchekesha ni kwamba picha hiyo haikuwekwa kwenye jalada la jarida wiki ile.

Mwaka uliofuata, Novemba 1966, Leifer hakutaka kutegemea kiti. Ndani ya Astrodome ya Houston alining'iniza kamera karibu futi 80 juu ya ulingo na kuifyatua kutoka mbali. Cleveland Williams amelala chali, mikono imetanda, Ali anaelekea kona akiwa ameinua mikono yake. Ulingo mzima ni mraba mweupe uliozungukwa na watu.

Nimesimulia haya kwa sababu picha zote mbili ziliandaliwa kabla ya kengele kulia. Mtu aliruhusiwa kupanda juu, akafunga taa, akapimiwa mahali pake. Huku kwetu mpiga picha huingia ukumbini na watazamaji na kujipenyeza atakavyoweza.

Chukua Diamond Jubilee pale Upanga, ukumbi ambao jina lake linakumbusha Jubilei ya Almasi ya Aga Khan wa Tatu, aliyepimwa uzito kwa almasi jijini Dar es Salaam mwaka 1946. (Mabondia wanaopima uzito Dar es Salaam leo hawapati hata moja.) Ni ukumbi mzuri kwa shughuli nyingi. Lakini usiku wa ngumi katika kumbi zetu taa hufungwa kwa akili ya harusi na muziki: zambarau, kijani, nyekundu, zinazungukazunguka, na moshi wa mashine juu yake. Mtazamaji anafurahi. Kamera inampata bondia mwenye bega la zambarau na paji la kijani, na hakuna fundi wa kompyuta atakayeirudisha ngozi hiyo.

Hata taa nyeupe zina hila yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupwita mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya 1/1000 huona. Piga picha kumi mfululizo: tatu zina mwanga, nne za manjano, zilizobaki giza, na konde limetua kwenye mojawapo ya zile za giza. Canon waliweka kinga ya tatizo hili kwenye 7D Mark II mwaka 2014 na wengine wakafuata, ila kamera za ofisi nyingi za habari zina umri wa mtoto wa shule.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, huona weupe wa turubai na kaptula zinazometa, hudhani mwanga umezidi, na kupunguza. Bondia mweusi anabaki kivuli chenye meno. Mpiga picha anayejua hupima uso wa bondia kabla ya raundi, akafunga vipimo vyake, na havigusi tena mpaka taa zibadilike.

Baada ya hapo kazi ni kusoma miili. Ukisubiri uione ngumi ndipo ubonyeze, jicho na kidole vitakula robo ya sekunde, na konde limeshatua na kurudi. Kwa hiyo anatazama bega linaloshuka, mguu wa nyuma unaojipanga, pumzi inayovutwa. Raundi za mwanzo si za kulegea. Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo alimmaliza Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili, wakati wengi wangali wanauliza huyu Mtanzania ni nani. Aliyekuwa anatunza betri kwa ajili ya raundi za mwisho alijuta.

Ustadi huo vijana wetu wanao. Wanachokosa ni ukingo wa ulingo, pale ambapo kiwiko hutulia na lenzi hupita kati ya kamba ya chini na ya pili. Pamejaa wapambe, walinzi, na watu wenye simu wanaorusha pambano mubashara huku wamewapa mgongo wanaofanya kazi.

Mapromota na wasimamizi wa ngumi za kulipwa, hili liko mikononi mwenu. Fungeni taa nyeupe zisizopwita juu ya ulingo, na kengele ikilia zimeni zile za rangi. Ziwasheni tena mabondia wakiondoka. Tengeni nafasi mbili kila upande kwa wapiga picha wenye vitambulisho, na asiwepo mpambe wa kuegemea hapo. Mdhamini aliyelipia jina lake kwenye turubai atafaidi kuliko sisi sote. Na nyinyi wahariri, siku mtakapoletewa konde safi, msiliweke ukurasa wa ndani ili mpate nafasi ya picha ya mkanda.