Mfanyakazi Akifariki, Mali Yake Ni ya Nani?



Katika mashamba ya miwa na chai, na katika viwanda vyetu hapa Uganda, kila mwaka tunazika wenzetu. Tunachanga fedha, tunanunua jeneza, tunakodi lori la kumpeleka marehemu kwao, kisha tunarudi kazini. Tunadhani tumemaliza wajibu wetu. Kumbe taabu ya mjane huanza siku ile tunapoondoka matangani.

Jambo hili tumeliona katika tawi letu. Mwenzetu mmoja, mkata miwa wa miaka mingi, alifariki akaacha mke, watoto wanne, kibanja cha ekari mbili, ng'ombe wawili na baiskeli. Hata wiki haikuisha, ndugu zake walikuwa wamekwisha swaga ng'ombe na kuchukua baiskeli. Mdogo wake, aliyetawazwa kuwa musika, akatangaza kuwa kibanja ni chake. Mjane hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Marehemu hakuandika wosia. Ndoa yao ya kimila haikuandikishwa. Na katika faili lake la kazini palikuwa na jina moja tu, la mama yake mzazi, lililoandikwa siku alipoajiriwa, kabla hajaoa. Mama huyo naye alikuwa amekwisha fariki. Mjane alihangaika zaidi ya miaka miwili mpaka akarudishiwa kibanja. Ng'ombe hawakurudi.

Sheria ilikuwa upande wa mama huyu tangu siku ya kwanza. Alichokosa ni ujuzi na karatasi. Ndiyo maana safari hii tunaeleza mambo ya mirathi, ili kila mmoja wetu ayatengeneze akiwa hai.

Sheria inasemaje pasipo wosia?

Sheria ya mirathi ya Uganda ililetwa wakati wa ukoloni, mwaka 1906. Mwaka 1972 ikawekwa hesabu ya kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 75, mjane au wajane asilimia 15, ndugu waliokuwa wakimtegemea asilimia 9, na mrithi wa kimila asilimia 1. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu kadhaa vya sheria hiyo kwa kuwa viliwabagua wanawake. Ikapita miaka 15 kabla Bunge halijatengeneza sheria upya, mwaka 2022.

Kwa sheria ya 2022, marehemu akiacha mwenzi wa ndoa, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, mafungu ni haya: watoto asilimia 75, mwenzi wa ndoa asilimia 20, wategemezi asilimia 4, mrithi wa kimila asilimia 1. Mume aliyefiwa na mke anahesabiwa sawasawa na mke aliyefiwa na mume.

Tupige hesabu. Tuseme madeni yamelipwa, gharama za mazishi zimetolewa, na mali iliyobaki ina thamani ya shilingi 10,000,000. Watoto wanapata 7,500,000. Wakiwa watano, kila mmoja ana 1,500,000, awe wa kike au wa kiume, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Mjane anapata 2,000,000; wakiwa wajane wawili wanagawana fungu hilo. Wategemezi wanapata 400,000. Musika anapata 100,000.

Hapo, ndugu, tusome mara mbili. Kumtawaza musika siku ya kumaliza matanga ni mila yetu na tunaiheshimu. Anashika jina na nafasi ya marehemu katika ukoo. Lakini kushika jina si kushika mali. Fungu lake kisheria ni moja katika mia.

Na nyumba je? Nyumba ambamo marehemu aliishi na familia yake haiingizwi katika mafungu hayo. Inashikwa kwa ajili ya mwenzi wake na watoto. Anayewafukuza humo anafanya kosa la jinai.

Tukumbuke pia kwamba nyumba ya kambi si mali ya mfanyakazi, ni ya kampuni. Kwa hiyo katika majadiliano ya mkataba wa pamoja, viongozi wa matawi wadai familia ipewe muda wa kutosha kabla ya kuhama.

Ndoa lazima ijulikane

Sheria inapomtaja mwenzi, inamtaja mtu aliyefunga ndoa inayotambuliwa: ya kanisani, ya msikitini, ya serikali au ya kimila. Wenzetu wengi wanaishi na wanawake miaka kumi, wanazaa nao, bila kufunga ndoa yoyote. Watoto watarithi, lakini mama yao atahesabiwa kama mgeni. Na aliyeoa kimila aende gombolola kuandikisha ndoa yake. Siku ya ugomvi, cheti kimoja kina nguvu kuliko maneno ya wazee ishirini.

Wosia si mambo ya matajiri

Wengine wanasema kuandika wosia ni kujiitia kifo. Tumezika wengi ambao hawakuandika kitu. Mtu yeyote aliyefikia umri wa miaka 18, mwenye akili timamu, anaweza kuandika wosia. Mambo ya lazima ni machache:

1. Uwe umeandikwa, nawe utie sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba.

2. Wawepo mashahidi wawili au zaidi wanaokuona ukitia sahihi, nao watie sahihi zao. Mashahidi wasiwe watu unaowaachia mali, wala waume au wake zao, maana shahidi hupoteza alichoachiwa.

3. Utaje wazi kila mali na mwenyewe. Andika kibanja kilipo na mipaka yake, akiba ya SACCO, mifugo, na madeni unayodai na unayodaiwa.

4. Umtaje msimamizi wa mirathi unayemwamini. Kama una watoto wadogo, umtaje pia mlezi wao, na mtu wa kushika fungu lao kwa amana mpaka wakue. Mtu huyo ni mshikaji tu, si mwenye mali. Akiila, atajibu mahakamani.

Wosia unaweza kubadilishwa wakati wowote. Ukioa au kuolewa baada ya kuuandika, andika mwingine, kwani ndoa mpya yaweza kuufuta ule wa kwanza. Wala tusidhani wosia ni fimbo ya kuwanyima watoto riziki. Mtegemezi aliyeachwa bila kitu ana haki ya kwenda mahakamani. Nakala moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtu mwaminifu asiye na maslahi katika mali hiyo.

Baada ya kifo, hatua kwa hatua

Kwanza, familia ipate cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC 1. Pili, ikae kikao, iandike mahudhurio, orodha ya mali, orodha ya watoto wote, na jina la aliyechaguliwa kusimamia. Tatu, ipeleke habari kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ofisi ya serikali iliyo chini ya Wizara ya Sheria. Kama hakuna wosia, kwa kawaida ofisi hiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi. Nne, aliyechaguliwa aombe mahakamani hati ya usimamizi. Mahakama hutangaza ombi hilo ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Kabla ya hati hiyo kutoka, hakuna mwenye ruhusa ya kuuza wala kugawa, awe musika, awe kaka mkubwa, awe mjane mwenyewe. Kujiingiza katika mali ya marehemu bila hati ni kosa la jinai. Na aliyepewa hati hakupewa mali. Katika miezi 6 anapaswa kupeleka mahakamani orodha ya mali yote, na katika mwaka 1 atoe hesabu ya jinsi alivyoisimamia. Warithi wakiona kimya, waende mahakamani kuuliza.

Fedha za kazini

Mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hazikulipwa, michango ya NSSF na akiba ya SACCO, zote hizi zidaiwe. NSSF peke yake ni asilimia 15 ya mshahara kila mwezi: 5 kutoka kwetu na 10 kutoka kwa mwajiri. Si fedha za kuachwa zipotee kwa sababu jina la mtoto halimo katika kumbukumbu.

Mfanyakazi akifa kwa sababu ya kazi na akiwa kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema wategemezi wake walipwe mishahara ya miezi 60. Aliyekuwa akipata shilingi 200,000 kwa mwezi, watu wake wanastahili 12,000,000. Fidia hii ni ya waliokuwa wakimtegemea, si ya ukoo mzima. Ajali ikitokea, familia imwarifu katibu wa tawi na ofisa wa kazi wa wilaya mara moja, na isikubali kutia dole gumba katika karatasi ambayo haijasomewa.

Tuanze wiki hii

Tunamwomba kila mwanachama afanye mambo manne. Aende ofisini aulize ni majina gani yaliyomo katika faili lake la kazi, la NSSF na la SACCO, na ayasahihishe. Apate vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake wote. Aandikishe ndoa yake. Aandike wosia, hata wa ukurasa mmoja. Kisha amwonyeshe mwenziwe mahali karatasi hizo zilipo, maana karatasi iliyofichwa mno haimsaidii mjane.

Na viongozi wa matawi, tunapokwenda kuzika tusipeleke rambirambi peke yake. Abaki mmoja wetu siku mbili tatu, akae na mjane, asaidie kuandika orodha ya mali kabla haijatawanyika.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya mwenzetu yule ilipotea tukiitazama. Isiwe hivyo tena katika chama chetu.