Usikivu wa Redio na Vilima Vilivyo Katikati

Mawimbi ya redio ya FM, yanayorushwa katika masafa ya megahezi 88 hadi 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka ilhali uso wa dunia huinama chini yake, na kwa hiyo kimo cha antena huamua umbali wa usikivu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mahali ambapo mstari huo hugusa ardhi huitwa upeo wa redio, nao huwa mbele kidogo ya upeo wa macho, kwa sababu hewa, ambayo ni nzito karibu na ardhi na nyepesi huko juu, huyapinda mawimbi kuelekea chini.

Kanuni ya kukadiria upeo huo ni rahisi: hutafutwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kikazidishwa kwa 4.12, na jibu likawa kilomita. Baharini kati ya Dar es Salaam na Unguja, ambako hakuna kilima cha kuzuia, mashua mbili zenye antena za mita 4 juu ya maji huweza kuwasiliana kwa kilomita 16 hivi, yaani upeo wa moja ukijumlishwa na wa nyingine. Lakini mashua hiyohiyo ikiwasiliana na antena ya pwani yenye kimo cha mita 100, umbali hufika kilomita 49. Mnara huo ukirefushwa hadi mita 400, upeo wake hautaongezeka mara nne bali mara mbili tu.

Nchi kavu hesabu hubadilika, kwa maana kimo kinachohusika si urefu wa chuma chenyewe bali kimo cha antena juu ya ardhi inayokusudiwa kufikiwa. Mnara wa mita 30 ukisimikwa kwenye ukingo wa Milima ya Usambara, mita 1,000 juu ya tambarare, una upeo wa zaidi ya kilomita 130 kuelekea huko chini, na bado kijiji kilichojificha bondeni nyuma ya tuta la mlima, pengine kilomita 5 tu kutoka mnarani, kikakosa matangazo. Duara lililochorwa kwa bikari kwenye ramani halimtendei haki mkazi wa kijiji hicho, kwani humhesabu kuwa msikilizaji.

Hata kilima kisichoufikia mstari wa mawimbi huweza kudhoofisha mawimbi, kwa kuwa wimbi huhitaji nafasi pana kuuzunguka mstari, iitwayo eneo la Fresnel. Kwa megahezi 100 na umbali wa kilomita 60, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni takriban mita 210, na wahandisi hutaka angalau asilimia 60 yake iwe wazi. Kilele kikiugusa mstari wenyewe, nguvu inayopokewa hushuka hadi robo.

Vimo vya ardhi husomwa kwenye ramani za kontua au katika vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000. Rada hiyo, hata hivyo, haikupenya misitu mizito hadi ardhini, hivyo tuta lenye miti mirefu huonekana limeinuka kuliko lilivyo. Na pale ambapo msitu umekatwa tangu mwaka huo, au miti mipya imepandwa, makadirio hayana budi kuhakikishwa kwa kupita vijijini na kipima nguvu za mawimbi.