Je, Wajua? Mwezi ulipoandama, ngoma 35 zililia Karagwe

Kila mwezi ulipoandama, watu wa ufalme wa Karagwe, katika mkoa wa leo wa Kagera, walikwenda kwa Omukama (mfalme) Rumanyika kuonyesha utii wao. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Novemba 1861, alilishuhudia tamasha hilo: ngoma 35 zimepangwa safu moja chini, na nyuma ya kila ngoma mpigaji kasimama na mikwiro yake. Hazina ya ufalme huo, uliokuwa na makao Bweranyange, ilikuwa na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, pembe ndefu zikipinda kwenda juu. Ufundi wa wahunzi wale kila mtoto wa Kagera anastahili kuufahamu.

Mwaka 1876 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, naye alikuja, akafika hadi chemchemi za maji moto za Mtagata, leo wilayani Kyerwa. Aliwakuta wagonjwa wakioga humo kutafuta nafuu.

Tangu 2019 eneo hili lina hifadhi mbili za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ukitaka kuzitembelea, panga safari kati ya Juni na Agosti, kiangazi, barabara za milimani zikiwa kavu. Usisahau sweta, asubuhi kuna baridi kweli.