Tombo Wawili wa Nyika ya Ukambani

Mvua ya vuli ikisha kunyesha sawasawa katika Kitui na Makueni, majani yakafika magotini kati ya migunga ya Mutomo, Ikutha na Kibwezi, mtu apitaye kando ya shamba la pojo au mtama huweza kushtushwa na ndege mdogo wa rangi ya udongo mkavu, arukaye ghafula miguuni pake, akatua mbele kidogo na kutoweka; naye, pasi na kufikiri, husema kwamba amemwona tombo. Aghalabu husema kweli, lakini si daima, kwa maana nyika hizi zina ndege wawili wanaofanana kwa kimo, kwa madoa ya mgongoni na kwa desturi ya kujificha majanini, ilhali kwa nasaba hawana udugu wa karibu hata kidogo.

Wa kwanza ndiye tombo halisi, ambaye wataalamu humwita Coturnix delegorguei, jina lenye kumbukumbu ya Adulphe Delegorgue, msafiri Mfaransa wa karne ya 19. Ndiye ategwaye huko Siaya na Busia kwa ndege wa kuita wenziwe, watundikwao juu ya mlingoti ndani ya vitundu vya kusuka. Asichanganywe na kware wa asili ya Japani, ambaye Wakenya walimfuga kwa pupa mnamo 2013 na 2014 mpaka soko la mayai yake likaanguka. Huyu wetu ni ndege huru, mfuasi wa mvua, leo yuko tele na mwezi ujao hayupo. Dume lake halina mashaka: koo jeupe lililochorwa alama nyeusi yenye umbo la nanga, kifua cheusi, mbavu za hudhurungi iliyoiva. Taabu iko kwa jike, ambaye hana pambo lolote, na ndiye atupotezaye.

Wa pili ni Turnix sylvaticus, nami nitamwita tombo wa vidole vitatu, kwa kuwa hiyo ndiyo alama yake isiyokanika: mguu wake hauna kidole cha nyuma, ambacho tombo halisi anacho. Jicho lake ni jeupejeupe, la mwenziwe ni jeusi. Anaporuka, sehemu ya juu ya bawa huonekana imepauka mbele ya manyoya meusi ya ncha; huenda polepole, masafa mafupi, akajiangusha majanini, na ukimfuata asikubali kuruka mara ya pili, ilhali tombo halisi hutimka kwa kishindo cha mabawa na kwenda mbali zaidi.

Lakini ajabu yake kubwa, ambayo kwangu mimi yapita alama zote za manyoya, ni mpango wa nyumba yake. Jike ndiye mkubwa, ndiye mwenye kifua cha rangi ya chungwa, na ndiye atoaye wito, mlio mzito wa chini kama wa mtu apulizaye mdomoni mwa chupa, usikikao hasa alfajiri na magharibi. Akisha kutaga humwachia dume mayai, akaenda kutafuta dume jingine. Na dume, dogo na lililofifia, huatamia muda wa wiki mbili hivi, kisha likalea vifaranga peke yake. Kwa tombo halisi mwenye kuatamia ni jike. Uchunguzi wa chembe za urithi umebainisha kwamba huyu wa vidole vitatu ni jamaa ya shakwe na ndege wa fukweni, wala si wa ukoo wa kuku, ambamo ndimo alimo tombo halisi.

Kutofautisha huku si anasa. Huko Hispania, ambako tombo wa vidole vitatu aliishi tangu kale, alitangazwa rasmi mwaka 2018 kuwa ametoweka. Huku kwetu bado yupo, na habari zake hukusanywa na raia wa kawaida kwa ajili ya ramani ya ndege wa Kenya, ambayo imeigawa nchi katika miraba midogo, kila mtu akiandika aliowaona katika mraba wake. Basi mkazi wa Ikutha aonaye kivuli kikitimka tu, asiuone mguu, wala jicho, wala bawa, asiandike jina lolote kati ya haya mawili. Arudi alfajiri mahali pale pale, asimame kimya, asikilize ni yupi aitaye.