Injini Iliyofanyiwa Oveholi Ikikataa Kuvuta, Kosa ni la Nani?



Mara kwa mara tunaletewa malalamiko ya namna moja. Gari imefanyiwa oveholi, ringi mpya, beringi mpya, valvu zimesagwa, gasketi mpya. Inawashwa, inanguruma, kila mtu anapiga makofi. Kesho yake inatetemeka, inapiga mafataki ndani ya kabureta, na ikifika mlimani haivuti. Mwenye gari anamfuata fundi na kumwambia: umeua injini yangu, nitakukata mshahara mpaka nipate nyingine.

Twapenda kueleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu viwandani na mashambani tunasafirishwa na magari ya namna hii, na ndugu zetu wengine ndio wanaoyatengeneza.

Mwaka 2022 tuliitwa kwenye gereji moja ya Area 47, hapa Lilongwe. Palikuwa na Toyota Hilux yenye injini ya petroli ya 22R, ile ya kabureta, iliyokuwa ikifanya kazi ya matola, yaani pikapu ya kubebea watu. Fundi wake alikuwa ndugu yetu wa Dzaleka, kule Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka mjini, ambako wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wamekuwa wakiishi tangu 1994. Alikuwa hajalipwa nusu ya ujira wake. Tajiri alitaka injini ishushwe na kufunguliwa upya siku ile ile, kwa gharama ya fundi.

Tulikataa isifunguliwe. Si kwamba tulijua fundi hana kosa. Hatukujua. Lakini injini ikishafunguliwa, ushahidi wote umekwisha. Gasketi imechanika, mpangilio umevurugika, na hapo mwenye sauti kubwa ndiye atakayesema kosa lilikuwa wapi. Mwenzetu mmoja, fundi mitambo wa kiwandani, alikuja na geji ya kompresheni na fila geji, akapima mbele ya wote.

Jambo la kwanza alilofanya liliwachekesha watu. Alichota petroli kutoka chini ya tangi, akaitia kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie juani. Baada ya muda chini ya chupa pakaonekana maji. Gari ilikuwa imekaa gereji miezi miwili ikingoja vipuri, na mwaka ule mafuta yaliadimika, watu wakayanunua kwa madumu kando ya barabara. Tena petroli ya Malawi si petroli tupu. Tangu 1982 imekuwa ikichanganywa na spiriti inayotengenezwa Dwangwa kutokana na molasi ya miwa. Ndugu zetu wa mashamba ya miwa wanaijua molasi, lakini huenda hawakujua kwamba inaishia kwenye tangi. Spiriti ile hunywa maji. Maji yakizidi, hujitenga pamoja nayo na kukaa chini ya tangi, ambako ndiko bomba linakovuta. Kadhalika husafisha uchafu wa zamani wa tangi na kuupeleka kwenye kabureta. Injini mpya ikinyweshwa mafuta hayo itakohoa, na fundi hana kosa lolote.

Tangi likamwagwa, chujio likabadilishwa, kabureta ikasafishwa. Injini ikawa nafuu, lakini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, bado ilitetemeka.

Hapo inafaa kukumbuka kwamba kosa baada ya oveholi mara nyingi liko mahali mkono ulipopita. Waya za plagi zikibadilishana mahali, injini hupiga mafataki. Kwenye 22R moto hupita silinda ya 1, halafu 3, 4, 2. Lakini fundi aliyezoea Ford Escort za zamani, ambazo hupita 1, 2, 4, 3, anaweza kukosea kwa mazoea tu. Kisha kuna hewa ya pembeni. Gasketi ya manifoldi isipokaa sawa, au kampira kadogo kakisahauliwa, injini hutetemeka ikiwa sailensi na kutulia ikikanyagwa mafuta. Mwenzetu alinyunyizia maji kidogo kidogo kuzunguka manifoldi akisikiliza kama mlio utabadilika. Wako wanaonyunyizia petroli. Tunawasihi waache, maana gereji zimeungua kwa mchezo huo. Mlio haukubadilika. Waya nazo zilikuwa sawa.

Ndipo akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Hiki ni kipimo ambacho kila fundi anapaswa kukijua vizuri. Injini iwe ya moto. Plagi zote zitolewe, moto wa koili ukatwe, mafuta yakanyagwe mpaka mwisho ili hewa iingie yote, kisha stata izungushe mpaka mshale wa geji usimame. Ukipima huku kabureta imefungwa utapata namba ndogo za uongo, na mtu ameshaharibiwa jina kwa uongo huo.

Silinda ya kwanza ilitoa kilo 10.5 kwa sentimita mraba, ya pili 10.5, ya tatu 6, ya nne 10.

Tajiri alikuwa amesikia kwamba injini nzima ya 22R inapaswa kutoa kilo 12, akasema zote mbovu. Lakini kitabu kinaandikwa kwa hewa ya pwani. Lilongwe iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama sehemu moja katika kumi. Silinda itakayotoa 12 Dar es Salaam itatoa karibu 10.7 hapa, bila ubovu wowote. Aidha ringi mpya zinahitaji muda wa kulainishana na silinda. Kwa hiyo usilinganishe na kitabu peke yake. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi kilo moja, hapo kuna jambo.

Na jambo lenyewe hujieleza. Zote zikiwa chini kwa kiasi kimoja, tazama cheni ya taimingi, huenda imeruka jino. Mbili zinazopakana zikiwa chini, gasketi ya hedi inapitisha hewa katikati yao. Ikiwa chini moja, tia kijiko cha mafuta ya injini kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi zinapitisha. Isipopanda, ni valvu. Silinda ya tatu ilitiwa mafuta, ikabaki 6.

Kifuniko cha tapeti kikafunguliwa. Kwenye 22R valvu ya kuingiza huachiwa nafasi ya 0.20 ya milimita na ya kutoa moshi 0.30, injini ikiwa ya moto. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu haikuwa na nafasi kabisa. Hata karatasi nyembamba ya fila geji haikupita. Valvu ilikuwa haifungi sawasawa. Ikarekebishwa, kompresheni ikapanda hadi 10, injini ikatulia. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja. Ingeachwa hivyo wiki chache, valvu ingeungua, kwa sababu hupoza moto wake pale inapokalia kiti chake.

Je, fundi alikosea? Kwa sehemu ndiyo, nasi tulimwambia. Valvu iliyosagwa upya huendelea kulala kwenye kiti chake ikishafanya kazi, na nafasi hupungua. Ndiyo maana tapeti hupimwa tena baada ya injini kupata moto mara ya kwanza. Lakini tulipouliza, ikajulikana kwamba gari ilitolewa gereji jioni ile ile ilipowaka, ikapakiwa watu usiku. Fundi aliomba siku moja zaidi akanyimwa. Tajiri hakukana.

Kuhusu kukata mshahara, Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaeleza katika kifungu cha 8 kwamba makato yaruhusiwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, au na makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Tanzania, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2004, inataka mwajiri aeleze kosa na kumpa mfanyakazi nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ndugu zetu wa Dzaleka wako katika hali ngumu zaidi. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye kifungu cha 17, kinachohusu kazi ya ujira, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Mtu asiye na barua ya ajira hupata shida kudai chochote.

Kwa hiyo tunawaomba mafundi wote, wenye barua na wasio nayo, wawe na daftari. Siku ya kukabidhi gari andika kompresheni ya kila silinda, nafasi za tapeti, mafuta ya injini yaliyotiwa, na kilomita zilizosomeka. Andika pia kwamba tapeti zitapimwa tena, na kwamba gari isibebe mzigo mzito katika kilomita 1,000 za mwanzo. Mwenye gari atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na shahidi atie yake.

Yule fundi alilipwa salio lake siku ya tatu, na pikapu ikarudi gereji baada ya kilomita 1,000 kumwaga mafuta ya injini. Tapeti zilipimwa tena siku hiyo. Mbili zilihitaji kuguswa kidogo.