Mstari Unaompeleka Mgonjwa: Kuchora Njia za Rufaa kwa Msimbo, Nachingwea na Ruangwa

Mchoro wa rufaa unaobandikwa ukutani katika kituo cha tiba huwa na sehemu mbili: visanduku vyenye majina ya vituo, na mistari yenye mishale inayoviunganisha. Aghalabu mchoraji hushughulika na visanduku, kisha huivuta mistari kwa haraka mwishoni. Hata hivyo, kisanduku humweleza msomaji jambo analolijua tayari, kwamba hospitali ipo. Mstari ndio unaoeleza mgonjwa atafikaje, kwa chombo gani, na nani aarifiwe kabla hajaondoka.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ngazi za rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya. Kutoka hapo hufuata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara. Kwenye karatasi, ngazi hizi hupangwa kama ngazi za nyumba. Ardhini mambo ni tofauti. Msimu wa mvua, unaoanza mwezi Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, hugeuza barabara za udongo kuwa tope. Tena, zahanati iliyo karibu na mpaka wa wilaya hizi mbili yaweza kuwa jirani zaidi na hospitali ya wilaya ya pili. Mstari wa aina moja hauwezi kuyasema yote hayo.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Makadirio yanayotumika sana katika mafunzo ya ukunga ni kwamba, asipotibiwa, anaweza kufariki ndani ya saa 2 hivi. Muuguzi aliye peke yake usiku hana muda wa kugundua kwamba njia iliyochorwa ukutani haipitiki.

Namna ya kuitengeneza mistari

Programu ya draw.io hupatikana bila malipo, na ikishasakinishwa kwenye kompyuta hufanya kazi pasipo intaneti. Kila mstari ndani yake una maandishi mafupi yanayoutawala. Chagua mstari, bonyeza Ctrl na E kwa pamoja, na maandishi hayo yatafunguka. Ukiandika dashed=1, mstari hukatika vipande vipande; strokeWidth=3 huunenepesha; endArrow=none huondoa kichwa cha mshale. Maelekezo hutenganishwa kwa nukta mkato, hivyo dashed=1;strokeWidth=3 hutoa mstari mnene uliokatika.

Faida kubwa zaidi hupatikana pale mchoro mzima unapotokana na jedwali. Programu hiyo hupokea jedwali la CSV ambalo kila safu mlalo ni kituo kimoja. Safu wima moja hutaja kituo kinachopokea wagonjwa wakati wa kiangazi, ya pili kinachopokea wakati wa mvua, na ya tatu kituo kitakachopelekewa mrejesho. Juu ya jedwali huandikwa kanuni ya kila safu wima: njia ya kiangazi iwe mstari kamili, ya mvua uliokatika, ya mrejesho mwembamba. Barabara ikiharibika, hubadilishwa neno moja katika jedwali, kisha mchoro hutolewa upya. Hakuna haja ya kuvuta mistari kwa mkono, wala hatari ya kuusahau mmoja.

Jedwali lina fadhila nyingine: nafasi tupu huonekana. Kituo kisichotajiwa njia ya mvua hubaki bila mstari huo, na timu ya afya ya wilaya hulazimika kujiuliza wagonjwa wa hapo wataenda wapi. Katika mchoro wa mkono, pengo kama hilo hufichwa na mstari uliovutwa kwa mazoea.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, usitegemee rangi peke yake. Baadhi ya watu, hasa wanaume, hawatofautishi nyekundu na kijani, na nakala ya mashine isiyo ya rangi huifanya mistari yote kuwa ya kijivu. Unene na mkato wa mstari hubaki.

Pili, usisahau mshale wa kurudi. Mama aliyeongezewa damu hospitalini hurudi kijijini, na zahanati inapaswa kujua alitibiwa nini na aangaliwe lini. Mchoro usio na mrejesho huonyesha nusu ya rufaa tu.

Tatu, juu ya mstari andika namba ya simu. Mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2022, hupanga usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga kwa kutumia magari ya wagonjwa na madereva wa jamii. Namba yake ya bure ni 115.

Nawe mgonjwa, au uliyemsindikiza mgonjwa, unayo haki ya kuusoma mchoro huo na kuuliza: mstari huu unapitika leo? Ikiwa jibu ni hapana, mwombe mhudumu alifikishe jambo hilo kwa mwenye jedwali, ili lirekebishwe kabla mgonjwa mwingine hajaufuata.